Chungu cha Jibini Nyumbani kwa Wifi

Mimi si mtu wa kusamehe haraka. Naomba hilo lijulikane mapema, asije mtu akafika katikati ya habari hii akaanza kunitafutia huruma akaikosa, halafu akanilaumu. Wapo watu wanaosamehe kabla jua halijazama, kama Maandiko yanavyotaka, nami nawaonea wivu kwa sababu wanalala vizuri. Mimi jambo hulala nalo, huamka nalo, hulipikia na chai. Hili ninalosimulia nililala nalo miaka.

Ni habari ya wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, na chungu kimoja cha jibini ya moto.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Mwanza. Wao ni Wanyarwanda waliokulia Bujumbura. Kila mtu alirudi nchini kwa njia yake, tukakutana Kigali, na siku moja mbele ya padri tukaambiwa kwamba sasa tu familia moja. Kinyarwanda changu siku zile kilikuwa cha kubabaisha, kwa hiyo mimi na wifi tulizungumza Kiswahili, yeye chake cha Bujumbura na mimi changu cha Mwanza. Tulielewana vizuri. Nalisema hilo ili mtu asije akadhani kulikuwa na kutoelewana. Tulielewana kabisa.

Katika majuma ya mwanzo ya ndoa yangu alikuja kunitembelea. Wifi ana duka la jumla pale Nyabugogo, la mchele na maharage, na sauti yake ni ya mtu anayeshindana na wapagazi na honi za mabasi tangu alfajiri. Siku hiyo alikuja ameishusha sauti, amevaa mushanana wake, lile vazi la heshima linalofungwa begani, mgongo umenyooka. Nikafurahi. Nilikuwa nimemtengenezea togwa ya mtama, ile ambayo hapa huitwa ubushera, nikaiacha ikapoa. Nikammiminia glasi ikajaa, nikampa kwa mikono miwili huku nimepiga goti kidogo kama nilivyofunzwa kwetu. Akaipokea. Akanitazama. Nami nikamtazama, nikatabasamu, nikasema karibu wifi.

Alikuwa ananisubiri nionje.

Hapa anayetoa kinywaji hukionja kwanza yeye mwenyewe, funda moja mbele ya macho ya mgeni, ndipo ampe. Ni kumwambia: tazama, hakina kitu, na kama kina kitu basi tufe wote. Ndiyo maana hata soda mgeni hufunguliwa mbele yake, na mhudumu akileta chupa iliyokwisha funguliwa anarudishwa nayo jikoni. Kwetu Mwanza ukinywa kwenye glasi ya mgeni utaitwa mlafi, na mama yako atatajwa. Sasa mimi ningejuaje? Na yeye, dada mkubwa, mtu mzima, angeweza kuniambia pale pale kwa maneno mawili tu: onja kwanza. Ningeonja, tungecheka, yangeisha. Hakusema. Aligusisha midomo kwenye ukingo wa glasi, akaiweka mezani, akazungumza habari za mvua, akaaga.

Jioni ile tumbo likamkata. Mchana wake alikuwa amekula samaki kwenye harusi ya watu, na waliomla samaki yule wengi walishindia chooni; hilo nililisikia baadaye sana, kwa mtu mwingine kabisa. Lakini samaki hakutajwa na mtu. Kilichotajwa ni togwa yangu.

Wala hakuniita mchawi. Angeniita hivyo ningejua pa kumshika. Alimwambia huyu na yule sentensi moja tu: alinipa bila kuonja. Basi. Kwa mtu wa hapa hiyo inatosha, kinachobaki anakimalizia mwenyewe, na neno analomalizia nalo ni umurozi, mtu anayewawekea wenzake sumu. Nimeona mtu akihama mtaa kwa neno hilo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mhenga aliyetunga msemo huo hakuwahi kuwa na wifi.

Nilianza kugundua Krismasi ya kwanza. Nilipika pilau, pilau ya haki, yenye viungo vilivyotwangwa siku ileile, nikaibeba kwenye sufuria kubwa kwenda kwa mama mkwe. Sahani zilizunguka, watu wakala, wakanywa, wakaimba. Nilipokuja kuchukua sufuria yangu nikaona inanilemea kama nilivyoibeba asubuhi. Nikafunua. Juu palikuwa laini vilevile nilivyopasawazisha kwa mwiko. Hakuna aliyechota hata kijiko. Nikamwuliza mume wangu kwenye gari, akaendesha mpaka tulipofika nyumbani, ndipo akanieleza. Halafu akasema achana nao. Akajipakulia sahani mbili za ile pilau, akala akashiba, akarudia tena achana nao.

Tangu siku hiyo, kila shughuli ya familia ilipogawiwa, huyu alete nyama, huyu ndizi, huyu saladi, mimi niliambiwa nilete maji ya chupa. Maji yaliyofungwa kiwandani. Kwenye kundi la simu la familia wifi ndiye aliyegawa, na mbele ya jina langu akaweka kialama cha mikono inayoomba, asante wifi. Nikawa mke wa maji. Kwenye msiba wa baba mkwe, wanawake wote wa ukoo wako jikoni, mimi nikapelekwa kwenye vikombe, tena kuviosha, si kuvijaza. Nikitoa biskuti kwa watoto, mama zao wanasema wameshiba, na mtoto mwenyewe mate yanamtoka.

Yote hayo ningeyameza. Lililonikaa kooni ni la mama mkwe. Yule mama alinipenda, nalijua hilo. Alikuja kwangu, alikaa, alimpakata mwanangu, alinisimulia habari za Bujumbura mpaka jua likageuka. Lakini alikuja na chupa yake ya chai. Kichupa chekundu cha kutunzia joto, ndani ya mkoba, kimefungwa kwenye kitenge. Alikuwa anajimiminia kwenye kifuniko chake, taratibu, macho chini, na mimi nimekaa mbele yake na birika langu limejaa. Alikuwa anaona aibu. Mimi nilikuwa naona kichupa. Kila alipoondoka nilimwaga birika zima kwenye sinki, nikasema kwa sauti, jikoni peke yangu: wifi, mwosha huoshwa.

Kwa hiyo nilichokitaka hakikuwa siri hata kidogo. Nilitaka mama mkwe ale kilichotoka mkononi mwangu, na wifi awepo, na aone.

Nafasi aliileta yeye mwenyewe, Mungu ambariki.

Kijana wake wa kwanza alipata mchumba. Binti ni wa familia ya watu wa Kacyiru, baba wizarani, mama ubalozini, watu wa kuongea polepole. Kabla ya mambo makubwa ya posa, upande wa binti ukasema utakuja kwanza kusalimia tu, watu wachache, wafahamiane. Wifi alikuwa amemaliza nyumba yake mpya Masaka, pembeni mwa Kigali, vigae vinang'aa, nyuma kuna kibanda na ng'ombe wa maziwa, mbele geti la kuteleza. Alitaka wakwe hao waione. Na alitaka wale kitu ambacho hawakukitarajia kwa mwanamke wa magunia ya mchele. Alikuwa ameona hotelini, kwenye mkutano wa wafanyabiashara: chungu kidogo cha foromaji, kama anavyoiita jibini, iliyoyeyushwa, kinawekwa katikati ya meza kabla ya chakula, watu wanachovya vipande vya mkate huku wamesimama na vinywaji vyao. Akasema hicho ndicho anachokitaka. Akauliza nani anajua kukitengeneza. Hakuna aliyejua.

Mimi nilikuwa najua. Ofisini kwetu kuna kawaida ya kuchangia vitafunio mtu akiagwa, na pale, kwa watu wasio ndugu zangu, kila ninachopika huisha. Jibini ya moto nilikwisha ipika mara nyingi tu. Mume wangu, kwa ule upole wake usio na macho, akamwambia dada yake, si mke wangu huitengeneza?

 Wifi akasema kwenye simu sawa, lakini aje kuipikia hapa kwangu, ili iwe ya moto.

Ili iwe ya moto! Nilicheka mpaka mume wangu akaniuliza kuna nini. Alitaka anione. Alitaka kila kinachoingia kwenye chungu kipite mbele ya macho yake. Lilikuwa tusi, na alilifunga vizuri kama zawadi. Nikasema mwambie nitakuja, nitafurahi. Nikaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yangu, nikalifikiria lile sharti lake kutoka juu mpaka chini, na kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyozidi kulipenda.

Juma lile zima tulikula jibini na viazi nyumbani kwangu. Nilitaka mkono wangu usikosee. Nilinunua jibini ya hapa nchini ya milimani, lile gurudumu la manjano lenye ganda, nikamwachia mwenye duka anikatie kipande kinene. Jibini hiyo ina tabia yake. Ukiikuna ikiwa baridi kutoka kwenye friji inakusanyika kama mtoto aliyenuna. Uiache itulie mezani, uikune, uinyunyizie unga kidogo, uitie kwenye maziwa mazito taratibu, konzi kwa konzi, na moto uwe mdogo mpaka uone haya kuuita moto. Ukiiharakisha inakatika. Mafuta yanapanda juu, chini yanabaki madonge, na hapo hata mtu asiyekushuku ataanza kukushuku.

Siku yenyewe nilikwenda Masaka kwa pikipiki, maana mume wangu alikuwa amechukua gari kwenda kumleta mama yake. Barabara ya mwisho ni vumbi na mashamba ya mahindi katikati ya majumba mapya. Begani nilikuwa na mfuko wa jibini, na mikononi katoni la maji ya chupa. Nani aliniambia nilete maji? Hakuna. Niliyaleta kwa sababu nilikuwa nayo kazi.

Wifi alinipokea kwa kunikumbatia mara tatu. Tukaingia jikoni, akasimama mlangoni, mikono amefunga kifuani. Nikaona vizuri. Simama hapo hapo, shahidi wangu.

Nikamwomba sufuria, akanipa yake. Nikamwomba siagi, kitunguu, unga, akatoa kabatini kwake. Nikasema maziwa nimesahau, samahani wifi, si una ng'ombe? Sikuwa nimesahau kitu. Akaenda akaleta maziwa ya asubuhi, yamechemshwa, kwenye jagi lake, na akajisifia kidogo kuhusu yule ng'ombe. Nikamsifia na mimi. Nikakaanga kitunguu na saumu kwenye siagi mpaka vikalainika bila kubadilika rangi, nikatia unga, nikautia maziwa kidogo kidogo. Jikoni pakaanza kunukia. Nilipofika kwenye jibini nikafungua mfuko wangu mbele yake, nikakata kipande, nikakila huku namtazama machoni.

"Nishikie mwiko, wifi," nikasema. "Usiache kukoroga, la sivyo itashika chini."

Angefanya nini? Kukataa ilikuwa aseme kwa nini anakataa. Akasogea, akashika mwiko. Mimi nikawa natia konzi ya jibini, yeye anakoroga, natia, anakoroga. Pilipili manga, nikampa atie mwenyewe. Kungumanga, nikamwambia kwaruza wewe, mimi kucha zangu ndefu. Nikamwona bega linalegea. Mkono wa mpishi ukishaingia kwenye kazi huwa unasahau hasira, na wifi, pamoja na yote, anajua kukoroga. Kwa kitambo tulikuwa kama mawifi wa kweli, na hilo lilinikera.

Hapo nikasikia gari getini. Nikasema ngoja nikamsalimu mama, nikatoka. Nilitoka makusudi. Nilitaka kila aliyekuwa uani anione mimi niko nje, na sufuria iko ndani na mwenye nyumba peke yake. Nikamshika mama mkwe mkono akashuka kwenye gari, nikamwuliza mgongo, nikamwuliza usingizi, nikaongea kwa sauti. Mkoba wake ulikuwa begani. Nikaujua uzito wake.

Niliporudi nikamkuta wifi amefungua gesi mpaka mwisho.

Mtu wa Nyabugogo hana subira, kila kitu lazima kichemke. Jibini ilikuwa inatokota pembeni, na duara la mafuta ya manjano limeshaanza kutoka. Yaani nusura nilie. Miaka yote ile, juma zima la viazi, halafu iishie kwenye sufuria iliyokatika, iwekwe mbele ya wageni, na iwe ushahidi mwingine juu yangu!  Nikazima moto, nikainua sufuria nikaiweka kwenye kitambaa chenye maji baridi. Nikachukua maziwa baridi kwenye kikombe nikayakorogea unga kijiko kimoja, nikayamimina kidogo kidogo huku napiga kwa nguvu, mkono mpaka ukawaka. Nikakamua limau. Nikapiga tena. Ikagoma, ikagoma, kisha mafuta yakaanza kurudi ndani, yakapotea, ikawa laini na nzito na inang'aa. Wifi alikuwa amesimama na mwiko mkononi kama mwanafunzi. Akauliza kama imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, umeikoroga vizuri sana.

Tukaihamishia kwenye chungu cha udongo nilichokuwa nimekipasha joto, nikadondoshea matone ya mafuta ya pilipili juu, na pembeni nikapanga mihogo ya kukaanga, viazi vidogo, vipande vya mkate uliokaushwa. Nikamwambia abebe yeye. Nyumba ni yako, nikasema, si vizuri mimi nitangulie. Akakibeba.

Sebuleni walikuwa wameshakaa. Upande wa binti uliongozwa na mjomba wake, mzee mnyofu mwenye miwani, aliyekulia Burundi naye. Vinywaji vilikuwa vimefunguliwa mbele yao, kila mtu na chupa yake. Wifi akaweka chungu katikati ya meza, mvuke ukapanda, watu wakavuta harufu, wakasema ee. Lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Mjomba aliweka mikono yake magotini akasubiri, kama mtu mwenye adabu anavyosubiri. Chungu kimoja, watu wote. Lazima mmoja aanze, na wote pale walijua nani hutakiwa kuanza, isipokuwa upande wetu ambao ulikuwa unanitazama mimi.

Wifi akageuka. Sauti yake ilikuwa ya sukari.

"Onja weye wa kwanza, wifi. Ni weye ulipika."

Wageni hawakuona kitu. Familia yote iliona. Shemeji zangu wakatazama sakafu. Mume wangu akaanza kuinuka, sijui alitaka kwenda wapi. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani.

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo kama mkulima anavyosubiri mvua, na lilipofika nikalijibu polepole kwa Kiswahili, kisha nikalirudia kwa Kinyarwanda changu, kilichokwisha kunyooka, ili mjomba naye asikie kila neno.

"Mimi nimeleta jibini tu, nawe uliniona nikiionja. Maziwa ni ya ng'ombe wako, moto ni wako, mwiko umeushika wewe, na nilipotoka kumpokea mama ulibaki na sufuria peke yako. Chungu cha nyumba huonjwa na mwenye nyumba."

Mjomba akatikisa kichwa, akasema ndivyo ilivyo, ndiyo desturi. Akamtazama wifi na kungoja.

Jamani! Nilikuwa naona akili ya wifi inavyozunguka. Akikataa kula, amewaambia wakwe zake kwamba nyumbani kwake chungu kinaogopwa, na binti wa watu hataolewa kwenye nyumba hiyo. Akila, basi kala cha mkono wangu mbele ya ukoo mzima, na ile sentensi yake moja aliyoitembeza miaka yote imekufa mdomoni mwake mwenyewe. Hakuwa na mlango wa tatu. Niliutafuta mimi kwanza kwa juma zima nikahakikisha haupo.

Akachukua kipande cha muhogo. Akachovya kidogo tu, nchani. Nikatabasamu, nikasema usijinyime wifi. Akachovya tena, kikajaa. Akala.

Ilikuwa ya moto, kama alivyotaka mwenyewe. Na pale alipochovya ndipo yalipodondokea matone ya pilipili. Macho yakamjaa maji, akakohoa, akatafuta glasi. Nilikuwa nimeshasimama kando yake.

"Maji haya, wifi," nikamwambia. "Usiogope, hayajafunguliwa."

Shemeji yangu mdogo akapaliwa na bia yake, akatoka nje mbio. Wageni wakadhani ni pilipili tu inayochekesha. Wifi akakata kile kifuniko, kikatoa mlio, akanywa nusu chupa huku ananitazama juu yake. Nilimtazama pia. Sikuona huruma. Nilihisi mkuki kwa nguruwe, basi.

Baada ya hapo mikono ikashuka kwenye chungu kwa pamoja. Mjomba alichovya mkate, akasifu, akachovya tena, akamwambia wifi kwamba familia yenye chungu kama hicho ni familia ya kukaa nayo. Wifi akasema asante. Shemeji zangu walikula. Watoto walikula, na hakuna mama aliyesema wameshiba.

Mimi nilikuwa namtazama mama mkwe tu. Hakuja mezani. Alikaa kwenye kiti chake, mkoba mapajani, mkono juu ya mkoba. Nikajisemea basi, nimeshinda kwa wote, kwa huyu nimeshindwa, na yeye ndiye niliyemtaka. Ushindi ukaanza kunichachia mdomoni. Ndipo akaniita kwa kidole.

Nikachukua muhogo, nikauzungusha chunguni mpaka ukabeba vizuri, nikampelekea. Nilipofika mbele yake nikaupandisha kwanza mdomoni kwangu ili nionje, maana siku hizi najua, sihitaji kufundishwa. Akanishika kifundo cha mkono. Ana nguvu bado, yule mama.

"Usionje," akasema. "Nipe hivyo hivyo."

Nikampa. Akaula wote, taratibu, akafuta vidole kwenye kitenge. Upande wetu wote ulikuwa unamtazama. Akatafuna mpaka mwisho, akameza, akasema chumvi imepungua kidogo. Nikageuka haraka kwenda jikoni kuleta chumvi, kwa sababu sikutaka wifi anione machozi. Kwamba mama mkwe wangu alalamikie chumvi yangu kama wakwe wote duniani! Nililia nimeshika kopo.

Mwezi uliofuata mama mkwe na wifi walikuja kwangu, siku ya Jumapili baada ya misa. Niliwatazama tangu getini, na macho yangu yalikwenda kwenye mkoba wa mama. Ulikuwa umelala bapa. Hakuna kichupa. Alikaa, akauliza kama chai iko tayari, nikammiminia kutoka kwenye birika langu, akanywa vikombe viwili na cha tatu akakibeba kwenda kukaa nacho uani na mjukuu.

Tukabaki mimi na wifi. Nilikuwa nimetengeneza togwa ya mtama siku mbili kabla, imepoa vizuri. Nikachukua glasi ileile, bado ninayo, nikaijaza hadi mdomoni. Nikasimama mbele yake. Nikaonja, kama desturi inavyotaka. Nikaendelea kuonja, bila haraka, huku nimemkazia macho, mpaka glasi ikafika nusu. Kisha nikapiga goti kidogo, nikampa iliyobaki kwa mikono miwili.

Akaitazama. Akanitazama. Akainywa yote.